Damu Iliyowakumbuka Kuku

Wajukuu zangu wa maabara, kabla hamjalicheka kopo langu la biskuti, ngojeni niwaambie lilifanya kazi gani. Siku hizi mnaingiza damu kwenye mashine, mnakwenda kunywa chai, mkirudi karatasi imeshatoka, imeandikwa kila kitu isipokuwa jina la babu wa mgonjwa. Sina ugomvi na mashine. Ila nina jambo moja la kuwaachia, na sikubali kufa nalo, hata kama itabidi nimkamate kila mmoja wenu kwa ukosi wa koti.

Kazi niliianza na ufagio. Nilikuwa mfagiaji katika hospitali ndogo kule Same, tambarare, penye upepo unaoleta vumbi Jumatatu na kulirudia Jumanne kwa sababu umesahau kijiko kimoja. Jioni nilikwenda kusoma masomo ya watu wazima, nimekaa dawati moja na manamba wa mashamba ya mkonge, wanaume wenye viganja vigumu kiasi kwamba wakishika chaki inageuka unga. Nilipopata cheti nilitembea nacho mfukoni hadi kikapasuka kwenye mikunjo. Mkuu wa maabara, Mzee Mbwambo, alikisoma pande zote mbili, akaninyang'anya ufagio, akanisogezea hadubini.

"Usiivunje," akasema.

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa wiki ya kwanza.

Sasa mumwelewe huyu mzee. Alikuwa mwembamba, mkimya, na dini yake ya pili baada ya Ulutheri ilikuwa kuchemsha. Sindano alichemsha. Vioo alichemsha. Mirija alichemsha, na maji ya kuchemshia mirija aliyachemsha kwanza. Mvua ingekuwa inapitia maabara kabla ya kunyesha, watu wa Same wangekunywa mvua ya moto. Lakini katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikumwona mgonjwa hata mmoja akiota jipu kwa sindano yetu. Kwa hiyo na mimi nikawa mwumini. Kitu chochote kikiingia mlangoni, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye jiko la mafuta ya taa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kule juu, upande wa Vudee, kijiji kimoja kilikuwa na mradi wa kuku. Banda refu, kuku weupe, na kamati yenye wajumbe wengi karibu sawa na kuku wenyewe. Mkuu wa zamu bandani alikuwa mama mmoja kijana, Mama Namsifu, ambaye binti yake huyo Namsifu alikuwa bado ananyonya. Aliletwa kwetu akiwa anakohoa, amekonda, jioni anapandwa na homa na kutetemeka. Kikohozi, homa ya jioni, kukonda: hata mbuzi aliyepita nje ya wodi angesema kifua kikuu.

Nikapewa makohozi yake. Nikatazama, sikuona kitu. Nikaomba mengine, nikatazama, sikuona kitu. Mara ya tatu niligandisha jicho kwenye hadubini hadi alama ya duara ikabaki usoni kwangu kama miwani, na sikuona kitu. Na ajabu nyingine: wodini, kabla hata hajaanza dawa yoyote ya maana, mama alianza kupata nafuu. Akarudi nyumbani. Baada ya siku chache amerejea, hoi.

Ni Mzee Mbwambo aliyemuuliza swali ambalo wengine wote tulikuwa hatujauliza.

"Homa inakupanda siku zote?"

"Hapana, mzee. Zaidi siku nilizofagia banda. Nikifagia asubuhi, jioni najifunika mablanketi yote ya nyumba na bado natetemeka."

Mzee akaenda kwa daktari wetu. Daktari alikuwa kijana, amerudi masomoni karibuni, na katika daftari lake alikuwa na kipimo alichofundishwa huko: kupima damu ya watu ambao vifua vyao vinayakataa mavumbi ya ndege. Alikuwa amerudi hata na chupa ndogo ya unga wa mwani wa kufanyia kipimo chenyewe. Akatupa daftari na chupa.

"Mkiona mstari, niiteni," alisema. "Msipouona, itabidi nimpeleke hospitali ya kifua kikuu. Huko ni miezi mingi, na mtoto hawezi kwenda naye."

Mama Namsifu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alisikia. Aliukaza mkono wake kwenye fundo la kanga kifuani kana kwamba mtu ameshaanza kulifungua.

Sikilizeni kipimo chenyewe, maana hakimo kwenye mashine zenu. Unga ule wa mwani unaupika na maji, unakuwa kama uji mwepesi. Unaumimina kwenye kioo, unaganda, unang'aa. Unatoboa tundu katikati na matundu kulizunguka. Mimi nilitobolea kifuniko cha chuma cha kalamu ya wino. Tundu la katikati unatia maji yaliyolowekwa kinyesi cha kuku na kuchujwa. Matundu ya pembeni unatia yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda: la mgonjwa, la mtu asiyefuga ndege, na moja maji ya chumvi tu, la kumkamata mwongo. Kisha unasubiri siku mbili. Vitu hivyo vinatembea polepole ndani ya ule ugando, vinatafutana. Ikiwa damu ile imeshawahi kupigana na vumbi la kuku, ina askari wake; askari wakikutana na adui njiani wanashikana hapohapo, na unaona mstari mweupe, mwembamba kama unywele wa ajuza.

Ila upepo wa Same hauna subira ya siku mbili. Ungekausha hata ahadi. Ndiyo maana nikachukua kopo la biskuti, nikatandika pamba yenye maji chini, nikaweka vioo ndani na kufunga kifuniko. Kopo ndilo hili mnalolicheka.

Kinyesi nililetewa na mjumbe wa kamati ya mradi, mfuko mzima, kingetosha kurutubisha migomba ya Upare yote. Nikakisaga. Sikufunga kitambaa puani, maana niliona cheti changu kinatosha. Nilipiga chafya hadi wagonjwa wa foleni wakaanza kuniombea. Nikakiloweka kwenye maji ya chumvi, nikakiacha jokofuni, nikakichuja. Mzee Mbwambo akainua kichwa.

"Umechemsha?"

"Dakika ishirini, mzee."

"Vizuri."

Siku ya pili tulifungua kopo. Vioo vilikuwa safi kama macho ya malaika. Hakuna mstari. Nikaviinamisha huku, nikaviinamisha kule, nikaweka kitambaa cheusi chini yake, mwanga wa dirisha ukapita ubavuni. Hakuna.

"Basi si kuku," akasema Mzee Mbwambo, na sauti yake haikupenda ilichokisema.

Nilikwenda kula. Chakula cha mchana changu siku hiyo kilikuwa yai. Nikaligonga, nikalimenya, nikaliuma, na mdomo ukasimama. Yai bichi ute wake unamwagika. Yai lililochemshwa ute wake ni jiwe, na hata ungeliloweka hadi Krismasi halirudi kuwa maji. Nikajiuliza: kama moto unaufanya hivi ute wa kuku, umefanya nini vile vitu vya kuku tunavyotaka vitembee? Tumevipika. Vimekufa vimesimama, vitatembeaje kwenda kukutana na mtu?

Nilirudi maabara mbio, yai mkononi. Nikampa Mzee Mbwambo ile nusu iliyobaki.

"Nimeshakula," akasema.

"Si la kula, mzee. Litazame."

Akalitazama. Muda mrefu. Kisha mzee ambaye hakuwahi kukubali kosa tangu enzi za mkoloni akaliweka yai juu ya meza kwa heshima, akasema, "Nenda kaloweke kingine. Na hilo jiko lizime, nisilione."

Siku mbili baadaye mstari ulikuwepo. Mweupe, wazi, kati ya tundu la kuku na tundu la Mama Namsifu, na kwenye matundu mengine hakuna kitu. Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika hadi Chome, kule juu mlimani.

Daktari akafurahi, akaniambia niandike barua kwa kamati ya mradi. Hapo, wajukuu zangu, ndipo kiburi cha cheti kilipoingia. Niliandika barua nzuri kuliko barua zote zilizowahi kupanda mlima ule, yenye "kwa mujibu wa" mara tatu. Ilisema kwamba Mama Namsifu asiingie tena bandani kwa sababu za kiafya, na kwamba apewe kazi nyepesi. Nikapiga muhuri. Nikapiga wa pili kwa raha tu.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja, Jumamosi, wanaume wanne waliingia hospitali na machela. Juu yake alikuwa Mama Namsifu, midomo imebadilika rangi, na mumewe yuko nyuma amembeba mtoto.

"Ulirudi bandani!" nikamfokea, Mungu anisamehe.

"Sijarudi, Bwana Maabara." Alivuta pumzi katikati ya kila neno. "Sijatia... hata mguu."

"Ni kweli," mumewe akasema. "Kamati nzima ni shahidi. Hata njia ya banda haipiti."

Nikapima upya, na Jumatatu nikafungua kopo. Mstari ulikuwa mnene kuliko mwanzo. Lakini daktari safari hii alikuwa ameniagiza nipime pia damu ya mwenzake wa zamu, mama mmoja mwenye afya ya nyati aliyefuatana na machela, ambaye angeweza kuibeba machela ile peke yake na wanaume wanne juu yake. Naye alikuwa na mstari. Hafifu, lakini upo.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mnaona? Mzima ana mstari, mgonjwa ana mstari. Huyu ameacha kuku na bado anazidiwa. Kipimo hiki hakiwezi kunizuia tena. Gari la kwenda hospitali ya kifua kikuu linaondoka Ijumaa asubuhi, naye atakuwemo."

Nilibaki na vile vioo mkononi. Mzee Mbwambo alikuwa anafuta hadubini ambayo haikuwa na vumbi.

"Mstari unasema nini?" akaniuliza.

"Unasema ni kuku, mzee."

"Hausemi hivyo. Unasema damu yake imekutana na kuku. Haukwambii wamekutana wapi."

"Sasa hilo nitalisoma wapi?"

"Kwenye kioo halimo." Akaendelea kufuta. "Leo Jumatatu. Maabara ninaiweza peke yangu mpaka Alhamisi."

Nilipata lori la kijiji Jumanne hadi lilipochoka, nikamalizia kwa miguu. Njia ile ya mlima ilikuwa imesimama wima. Nadhani walioichora walikuwa nyani. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mimi mtu wa tambarare nilivaa shati la mikono mifupi. Nilifika mchana umeshapita, nimelowa, meno yanagongana, na moyoni nimeapa kwamba sishuki bila jibu.

Nyumbani kwa Mama Namsifu nilimkuta mkwewe, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa damu?"

"Ndiye mimi."

"Ingia uote moto. Huko kwenu hamvai nguo?"

Alinipa makande ya moto kwenye bakuli, nikakaa chumbani kwa mwanawe karibu na mlango wa jikoni, ambako joto lilikuwa linaingia. Nyumba ilikuwa imefungwa vizuri, kila ufa umezibwa, kama inavyotakiwa kwenye baridi ile. Nikapeleka kijiko mdomoni. Chini ya kitanda kitu kikasema, "Krooo."

Nikasimamisha kijiko. Kikasema tena, na upande wa pili kingine kikajibu.

"Mama, chini ya kitanda kuna nini?"

"Usiogope, wanalalia. Ila usiingize mkono, yule wa kona anadonoa."

Niliweka bakuli chini, nikapiga magoti, nikainua shuka. Vikapu. Nilihesabu vikapu saba, na katika kila kikapu kuku ameketi amejitanua, ananitazama kwa jicho moja kama karani wa ofisi. Nyasi kavu, manyoya, vumbi jeupe. Na godoro la Mama Namsifu lilikuwa juu yao shubiri moja tu.

"Hawa ni wa nani?"

"Majike ni wetu. Mayai ni ya mradi." Yule mama mkwe alijaa fahari. "Kamati ilisoma barua ya hospitali mbele ya mkutano. Ikasema lazima apewe kazi nyepesi. Wakakaa, wakafikiri: bandani asiende, shamba gumu, kubeba maji gumu. Na kukaa bure hakuna, kila mtu ana kazi yake. Basi wakasema awaangulishie vifaranga hapa hapa nyumbani, amelala tu, kuku wanafanya wenyewe. Ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kijijini. Wengine walimwonea wivu."

Wajukuu zangu, nimewahi kuvunja hadubini. Nimewahi kumwandikia mwanamume kipimo cha mimba. Hakuna siku niliyotaka ardhi inimeze kama siku ile nikiwa nimepiga magoti mbele ya kuku saba. Kamati haikukosea. Ilitii. Nilikuwa nimewaandikia mahali pa kutokwenda, sikuwaandikia kitu cha kuepuka, kwa sababu niliona neno "vumbi la kuku" halina hadhi ya kukaa jirani na "kwa mujibu wa".

Nikamtafuta mwenyekiti wa mradi. Alikuja na kofia yake, tukasimama uani.

"Ndugu Mwenyekiti, kuku wale watoke leo."

"Leo? Ndugu yangu, wamebakiza siku tisa waangue. Ukimsogeza kuku anayelalia anasusa, mayai yanapoa. Yale ni mayai ya wananchi!"

"Na mapafu ya yule mama ni ya nani?"

"Usinigeuzie siasa. Barua ni yako. Tumetekeleza barua."

"Barua ni yangu, na ilikuwa mbovu," nikasema. "Naifuta kwa mdomo wangu mbele yako. Yule mama akilala hapa mwezi mwingine hamtakuwa na mtu wa kumpa kazi, nyepesi wala nzito. Mimi siondoki mlangoni hapa. Kama ni kulala na kuku, nitalala mimi."

Tungesimama pale hadi leo kama si mkwe mtu.

"Ninyi wanaume mnapiga kelele kama hamjawahi kuona kuku," akasema. "Kuku anayelalia hahamishwi mchana. Unasubiri jua lizame, unamfunika na kikapu kingine juu, unambeba na kiota chake chote bila kukitikisa. Kukicha anaona ni palepale. Wataletwa nyumbani kwangu, ile kule ng'ambo ya migomba. Mimi nimelala na kuku tangu nizaliwe na sijakohoa."

Jua lilipozama tukawahamisha, mwenyekiti mwenyewe akibeba vikapu viwili, akitembea kwa ncha za vidole kana kwamba amembeba askofu. Yule wa kona alinidonoa. Asubuhi hakuna hata mmoja aliyesusa. Siku nzima ile majirani walitoa nyasi na godoro, wakafagia wakiwa wamefunga vitambaa puani, mimi nikiwa nasimamia vitambaa kama polisi, wakasiriba udongo mpya ukutani na sakafuni.

Alhamisi nilishuka. Daktari alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimweleza vikapu saba, barua yangu, yote, na sikujipunguzia hata tone la aibu. Nikamkumbusha kwamba kila mama huyu akilazwa kwetu, mbali na kuku, anapata nafuu. Na hata sasa, tangu siku ile ya machela, alikuwa ameanza kukaa kitandani bila kushikwa.

"Na mwenzake mwenye mstari, mzima kabisa?"

"Daktari, kukutana si kugombana. Wawili wamekutana na kuku. Mmoja ndiye aliyeumia."

Alikwenda wodini, akamsikiliza kifua muda mrefu, akarudi.

"Nampa wiki tatu katika nyumba hiyo," akasema. "Siku ya mwisho ya wiki ya tatu aje hapa. Akija kwa machela, siulizi mtu tena."

Nilihesabu siku hizo kama mfungwa. Mzee Mbwambo alijifanya hahesabu, lakini siku yenyewe ilipofika alikuwa ameshasimama dirishani kabla yangu. Saa nne, hakuna mtu. Saa tano, hakuna mtu. Karibu na adhuhuri akatokea mwanamke barabarani, anatembea kwa miguu yake, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa ameshuka mlima wote ule. Nyuma yake, mbali kabisa, upande ambao upepo hauelekei kwake, mumewe anamfuata na jogoo mkubwa mwekundu kwapani. Kila mume akisogea, mke anageuka.

"Simama hapohapo!"

"Nimesimama, Mama Namsifu!"

"Rudi hatua tano!"

Akarudi hatua tano. Jogoo akawika. Wodi nzima ilikuwa madirishani.

Alitua mkungu mbele ya maabara. Nilimtazama kifua kama fundi anayetazama ukuta alioujenga mwenyewe: kinapanda, kinashuka, kimya.

"Bwana Maabara," akasema, "zawadi yako ile kule. Kwetu mtu hashukuriwi kwa ndizi peke yake. Lakini kamfuate mwenyewe. Mimi mwisho wangu hapa."

Nikavua koti, lisije likamrudishia vumbi la kuku, nikavuka uwanja ule wa vumbi kwenda kumpokea jogoo.